Mshono wa Hekalu la Bertrams

Ijulikane na wote wanaohusika, na hata wasiohusika: kuanzia Jumatatu tarehe tatu Julai 2017, hekalu la Wabuddha la Bertrams, mtaa wa mji mmoja kusini kabisa mwa Afrika, lilikoma kuwa la kale na la kisasa kwa wakati mmoja. Uchafuzi huo ulikuwa umeendelea miaka ishirini na moja bila kibali. Tangazo lilibandikwa getini kwa gundi ya kutosha, na chini yake saini ya Bwana Kiplagat, Mwenyekiti wa Kamati ya Kutenganisha Ukale na Usasa. Sababu ilikuwa nzito: fomu ya kusajili majengo ina kisanduku kimoja tu cha umri.

Aliyelisoma wa kwanza alikuwa Masika, fundi cherehani kutoka Butembo, ambaye kwa miaka tisa alishona majoho ya watawa na sare za kwaya za Wakongomani katika chumba kidogo ubavuni mwa hekalu. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, mpaka akafika panapouma. Sehemu ya kale italindwa. Sehemu ya kisasa itafungwa kwa lakiri Ijumaa tarehe kumi na nne, saa sita kamili mchana, pamoja na vyote vilivyomo.

Aliogopa, tusifichane. Cherehani yake ya kwanza iliporwa kule mtaa wa Turffontein, na hapa ndipo alipoanza upya. Na chumba chake kilikuwa na ukuta wa kioo mbele na plasta nyeupe kama hospitali. Nani asingesema ni cha kisasa? Upande wa pili kulikuwa na ukumbi mkubwa wenye nguzo nyekundu, vigae vilivyopinda pembeni na majoka yaliyotambaa mpaka darini. Huo ndio ukale unaojua kujitangaza! Kamati ikauhamia siku hiyohiyo ili iulinde kwa karibu. Ikaingiza meza sita, hita nne na birika la umeme. Watawa wakaombwa kwa heshima zote wakatafakari uani, kwenye baridi ya Julai, ambayo Kamati ilieleza kuwa inasaidia utulivu wa nafsi.

Masika akajifunga kitenge vizuri, akaenda kumwona mkubwa.

"Jambo, Papa Mwenyekiti."

"Jambo, Mama. Uko na apointimenti?"

"Niko na chumba."

"Nimesikia. Bahati mbaya chumba ni kisasa. Pole sana."

"Hapana, papa." Masika alisema "njo" pale wengine wanaposema "ndiyo". "Chumba yangu njo ya zamani. Hapa munakaa njo papya."

Kiplagat alitabasamu kama mtu anayemsamehe mtoto. Alikuwa amesomea usanifu wa majengo miaka sita, Nairobi na ng'ambo. "Mama, angalia nguzo. Angalia majoka. Unataka nini tena?"

"Pini," akasema Masika. Akachomoa moja kifuani, akaidunga kwenye nguzo nyekundu. Ikapinda. "Kila sikukuu natundika vitambaa hapa. Mbao inakubali pini. Hii ni zege, walipaka rangi."

Kiplagat aliichukua pini, akaigeuzageuza kwenye mwanga, kisha akaandika katika daftari lake: Pini hazina ubora.

"Kola ya shati ikichakaa," Masika akaendelea, "fundi anaifumua, anaigeuza, upande wenye haukuchakaa unakuja juu. Mwaka 1996 njo walifanya hivyo. Nyumba ya zamani wakaivalisha kioo, nyumba mpya wakaivalisha majoka. Nyuma ya rafu yangu plasta ilianguka. Kuna tofali nyekundu, kuna moshi wa ubani, kuna mwaka umechongwa: 1931. Kuja uone."

"Maelezo ya mpangaji hayapokelewi kwa mdomo, Mama. Yanapokelewa kwa maandishi, kutoka kwa mtaalamu."

"Mtaalamu wa nini?"

"Wa mahali ukale unapokutana na usasa."

"Eko wapi?"

"Nafasi iko wazi tangu 2015," Kiplagat akasema kwa fahari, maana si kila idara ina nafasi iliyo wazi muda wote huo.

Masika alitoka macho yakimwasha. Uani akamkuta mtawa mzee, Miaoyin, ambaye mwaka 1996 alikuwa akiwapikia mafundi chai na aliona kila tofali likiwekwa.

"Mama, mbona haukuwaambia?"

"Hawajaniuliza," akajibu Miaoyin, kwa Kiswahili alichojifunza akipimwa majoho.

Kamati nayo ilichapa kazi. Ililizunguka hekalu mara kumi na nne. Mjumbe mmoja alipendekeza mpaka upite chooni, mwingine akadai choo hakina umri. Wakapiga kura, kura zikafungana, wakanywa chai. Ilipofika Jumatano ya wiki ya pili, Khatibu, fundi kufuli wa Kitanga aliyepewa kazi ya kutia lakiri, akauliza swali la kihuni kabisa: "Sasa mabosi, nafunga wapi?"

Kiplagat akaenda mwenyewe mlangoni kwa Masika.

"Mama, uko na futi ya kupimia?"

"Niko nayo."

"Na chaki?"

"Pia."

"Basi wewe ndio mtaalamu. Barua hii hapa."

Masika akafanya kazi siku moja na nusu bila kula vizuri. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, akakwangua plasta, akapima. Alipoupata mshono, akapiga mstari wa chaki kutoka getini mpaka ukuta wa nyuma. Upande wake akaandika KALE, 1931. Upande wa Kamati akaandika KISASA, 1996. Akachora ramani, akabandika picha za matofali, akampelekea Mwenyekiti.

Kiplagat alikuwa anachagua rangi ya fulana za uzinduzi. Akatia saini, akagonga muhuri.

"Papa, unasaini bila kuangalia?"

"Mama, mimi kazi yangu ni kusaini. Wa kuangalia yuko likizo."

Ijumaa ikafika, baridi ya kukata masikio. Wanakamati waliacha makoti ukumbini, wakavaa fulana mpya za rangi ya machungwa, wakatoka uani kupiga picha ya ukumbusho. Saa sita kamili Khatibu, ramani mkononi, akafunga milango ya ukumbi, akatia lakiri, akapuliza ikauke.

"We! Fungua!" Kiplagat akapiga kelele.

"Lete barua, bosi."

"Naandika sasa hivi!"

"Yenye muhuri. Imeandikwa hapa kwenye hati ya lakiri, na umesaini mwenyewe."

"Muhuri uko ndani!"

"Eish," akasema Khatibu. "Hapo pana kazi."

Kabla hawajamaliza kubishana, gari likaingia. Alikuwa mjumbe wa makao makuu ya Kamati, mama wa watu aliyevaa koti zito, amekuja kuzindua sehemu ya kale, na Mwenyekiti alimjua kwa saini tu, si kwa sura. Ramani ikamwongoza moja kwa moja hadi kwa Masika. Akapapasa tofali la 1931, akakata utepe kwa mkasi wa fundi. Papo hapo, juu ya meza ya kukatia nguo, akaandika kwamba chumba kitabaki mikononi mwa Masika kama mhifadhi wake, na watawa warudi humo kufanya ibada asubuhi na jioni. Masika alitamani kupiga vigelegele. Akajizuia, akaweka barua kifuani.

"Na Mwenyekiti yuko wapi?" mjumbe akauliza. "Nataka aniambie ni nani aliyeweka ofisi na hita nne, bili ninazo, ndani ya jengo alilolihukumu lifungwe yeye mwenyewe. Nina mkataba wake mpya wa kazi hapa, ulikuwa unangoja saini yangu."

Wanakamati wakaangalia viatu vyao. Jicho la mjumbe likamwangukia mtu aliyesimama karibu na pasi ya mkaa, fulana ya machungwa, meno yakigongana.

"Wewe nani?"

Kiplagat akashika mpini wa pasi. "Mimi ni msaidizi wa fundi."

Masika hakuwahi kuwa na msaidizi. Akamtazama huyo aliyepewa na Mungu, juu mpaka chini, na neno likamfika ulimini. Akalimeza.

"Bon, haya, papa. Kaa pale. Sare za kwaya zinatakiwa Jumapili na vifungo bado."

Mjumbe, ambaye anapenda sana kazi za mikono na siku hiyo hakuwa na haraka, akavuta kiti atazame. Kiplagat alijaribu kutunga uzi kwenye sindano mara saba. Mara ya nane ukapita, na Masika akamwambia autoe, rangi si yake.