Kiti cha Nazuna kwenye Gari la Kihachi

Jumatatu, 3 Novemba

Leo chai hupati, Kihachi. Kaa hapo kwenye picha yako ukaukiwe koo. Mwanamume mwenye mke, mtoto na shamba la figili anakwenda kununua gari la mbio lenye viti viwili. Viwili! Miaka thelathini na nne nimekuuliza ulikuwa na akili gani. Ukiwa hai hukujibu, sasa ndio kabisa.

Tena ukafa Februari ukaniachia ahadi yako. Ulimwambia mjukuu wetu Nazuna kwamba akifika miaka mitatu utampeleka hekaluni kwa gari jekundu, na kimono na mapambo ya nywele. Mtoto hajasahau. Jana kwenye simu hata salamu hakunipa. Kaniuliza, "Bibi, gari jekundu limeamka?"

Sikukuu ya watoto wa miaka mitatu, mitano na saba ni Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Nimesema nitampeleka mimi. Mkwe wangu Chinatsu akanijibu kwa adabu yake ile inayochoma kuliko tusi. "Mama, bila kiti cha mtoto kilichofungwa sawasawa Nazuna hapandi. Nikikitikisa kikicheza, anakwenda na gari la mama yangu."

Mama yake ni Fumiyo. Gari lake kubwa kama nyumba ya wageni, na milango inajifungua yenyewe. Sitaki kusikia zaidi.

Kigari changu cha kubebea figili kingefaa, lakini kilitumbukia mtaroni Septemba. Mtaro ulikuwa mahali pasipo pake.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepata kiti cha mtoto duka la mitumba. Kikubwa! Ungedhani cha mfalme. Mlangoni hakipiti. Nimekisukuma kwa goti, kwa bega, kwa makalio. Mwisho nikafungua turubai la paa la gari, nikapanda ngazi ya kuchumia matunda, nikakishusha kutoka juu. Kimeingia! Ila turubai sasa halifungi. Kichwa cha kiti kimetokeza nje kama kobe anayechungulia. Si neno. Mvua hainyeshi kila siku.

Mkanda wa gari wenyewe ni wa kiunoni tu, na mfupi. Kiti cha abiria kimebonyea kama bakuli. Halafu plastiki! Miaka yote hiyo, Kihachi, ulikiacha kiti na plastiki yake ya dukani. Ubahili mpaka kwa makalio ya watu. Kiti cha mtoto kinateleza juu yake kama samaki kwenye karai.

Kijitabu cha maelezo sikukisoma. Herufi kama mayai ya chawa, na mimi shule niliiacha na miaka kumi na mitano nikaingia shambani. Sasa huyo aliyekiandika amewahi kufunga nini? Mikono hii imefunga figili kwa kamba ya mabua ya mpunga na kuzitundika zikauke, miaka hamsini na ushei, haijadondoka hata moja. Nimekifunga kiti kwa fundo lile lile, mizunguko tisa. Nimekitikisa. Kimetulia.

Plastiki sikuitoa. Kitu kizima hakichaniwi.

Ijumaa, 7 Novemba

Majaribio. Nimekalisha gunia la mchele la kilo kumi na tano, kilo moja zaidi ya Nazuna. Nikalivisha kofia ya manjano aliyoisahau hapa kiangazi. Tukatoka, mimi na gunia. Nilipofika njia panda ya posta nikakanyaga breki ghafla, makusudi.

Gari lilisimama. Kamba ilishika. Plastiki haikushika! Kiti kikachomoka chini ya kamba, kikapinduka, gunia likapiga dashibodi na kupasuka. Mchele kwenye redio. Mchele kwenye viatu. Mchele ndani ya sidiria.

Na nani anapita? Gari likasimama, mlango ukajifungua wenyewe. Fumiyo, na glavu zake nyeupe za kuzuia jua. "Bi. Kinue, unaendesha au unapika?" Nikamjibu kwamba nalisha ndege, kwani yeye ndege wake hali?

Akacheka. Kisha akaiona ile kofia ndogo ya manjano imelala sakafuni. Akaacha kucheka. Akapanda gari lake akaondoka.

Hilo ndilo lililoniuma. Angeendelea kucheka, leo ningelala vizuri.

Jumapili, 9 Novemba

Bado naokota punje. Lakini nimepata akili mpya.

Nimepeleka gari hekaluni likatakaswe, kama watu wote wanavyofanya wakinunua gari. Kuhani akapunga fimbo yake ya makaratasi meupe juu ya boneti. Nikamwomba apunge na juu ya kiti cha mtoto. Akapunga. Nikamwomba apunge tena, upande wa kamba. Akasita, akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia afanye kazi yake. Nimepewa cheti chenye muhuri mwekundu, na hirizi ya barabarani yenye kikengele. Nimeitundika kwenye kiti.

Jioni Chinatsu alipokuja na Nazuna nikamwekea cheti mezani, muhuri ukimtazama. Nikasema shauri limekwisha.

Akakisoma mbele. Akakigeuza nyuma. "Mama, hapa wameandika gari limetakaswa. Hawakuandika kiti kimefungwa."

Nikamuuliza kama mungu hamtoshi, aseme. Akasema mungu anamtosha sana, mkanda ndio haumtoshi. Akatoka nje, akashika kiti kwa mkono mmoja, mkono wenyewe mwembamba kama jani la kitunguu, akakitikisa. Kikengele kikalia. Kiti kikageuka kikatazama upande wa dereva. Nazuna akapiga makofi, akataka kirudie.

Amenipa mpaka Ijumaa. Habari ya mchele hakuitaja. Kumbe Fumiyo hakumwambia! Sasa nimchukie vipi?

Jumanne, 11 Novemba

Kwa Gonda, fundi aliyelitibu gari hili tangu lilipofika. Nikamwamuru akifunge kiti kwa bolti, achomelee, afanye anachojua. Akaingia chini na tochi, akatoka akitikisa kichwa. Kiti cha namna hii kinataka mkanda wa kupita begani, na gari halina pa kuushikiza. Chuma chake chembamba kama kopo la sadini. "Naweza kuchomelea, Mama. Itashika siku zote isipokuwa siku ya ajali. Mimi sifungi."

Nikamwita mwoga. Nikamwambia hata baba yake alikuwa mwoga. Akanimiminia chai.

Basi, nikasema, angalau uchane hiyo plastiki, kamba yangu ipate kushika. Akarudisha mikono nyuma kama aliyeambiwa ashike kaa la moto. "Hiyo siigusi. Mzee alinikataza."

Nikamwambia mzee amekufa, aseme.

Akasema. Mwaka ule Kihachi aliponunua gari, kiti cha abiria kilikuwa kimechakaa, akakipeleka kikashonwa upya. Mshonaji akakirudisha kimefunikwa plastiki. Gonda akataka kuitoa, Kihachi akamzuia. Alisema mwenye kiti ataibandua mwenyewe siku atakayokuja kukaa. Na kila gari lilipokuja kukaguliwa Gonda alimtania, "Vipi mzee, mwenye kiti bado?" Naye anajibu, "Ana kazi nyingi shambani. Mwaka huu huenda."

Mwenye kiti ni mimi.

Nilikuwa nimekasirika. Alinunua gari bila kuniuliza, nami nikaapa sitalipanda. Kila Jumapili alisimama mlangoni na ufunguo, "Unakuja?" Nami, "Nina figili." Hata Mei. Figili gani Mei! Baadaye akaacha kuuliza, akawa anatikisa ufunguo tu. Baadaye hata kutikisa akaacha. Anatoka, nasikia injini inapotelea kule darajani, nami nainama tena kwenye matuta, nikijiambia nimemkomesha.

Nimerudi nyumbani kwa gia ya pili njia nzima. Leo chai umepata, Kihachi. Vikombe viwili.

Ijumaa, 14 Novemba

Jana nimemaliza kufunga figili zote. Leo nimepanda ngazi, nimekitoa kiti cha mtoto. Nimempigia Chinatsu, nimesema Nazuna aende na gari la Fumiyo. Nilikohoa katikati, huenda hakusikia vizuri. Alisikia.

Akasema, "Mama, panda nasi. Nafasi ipo, kiti kizima cha nyuma." Nikasema nina gari langu.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimelifuata gari la Fumiyo mpaka hekaluni, mbali kidogo, watu wasidhani tuko pamoja.

Nazuna! Kimono chekundu, maua kichwani, mfuko wa peremende ndefu unaburuzika chini. Kuhani akamwombea. Kuhani huyo aliponiona akaangalia huku na huku, nadhani alikuwa akitafuta kile kiti cha mtoto.

Kwenye maegesho mtoto akang'ang'ania. Babu alisema gari jekundu. Akaketi chini kwenye kokoto na kimono chake. Fumiyo ndiye aliyesema, "Mwacheni apande hapa hapa, limezimwa. Bi. Kinue, shika ufunguo mfukoni."

Basi nikamfungulia. Akakaa, miguu haifiki popote, plastiki ikalia chini yake. "Bibi, inapiga kelele." Nikamwambia avumilie. Hakuvumilia. Akashika pembe moja kwa vidole vyake vyenye sukari, akavuta. Nilinyanyua mkono nimzuie. Nikaushusha. Plastiki ikabanduka yote, polepole, mpaka kitambaa kikaonekana.

Rangi ya zambarau. Si nyekundu kama gari. Zambarau ya kimono nilichovaa siku tuliyochumbiana. Nani angedhani mtu yule anakumbuka rangi!

Nazuna akajinyoosha mpaka kwenye usukani, akapiga honi. Kwa mchezo wake akaendesha mpaka baharini, akarudi, akashusha abiria. Akasahau peremende kitini, ikanata. Alipochoka akasema akifika miaka saba atakaa hapo njia nzima. Nikaahidi. Sijui kwa nini familia hii haiwezi kufunga mdomo.

Fumiyo akaniletea mfuko mdogo wa mchele. "Wa ndege wako." Nikaupokea.

Walikuwa wanakwenda kula wali na samaki, wote. Chinatsu akasimama kwenye mlango wa gari lile kubwa. "Unakuja, Mama?"

Mdomo ulijibu kabla ya kichwa.

"Nina figili."

Mlango ukajifunga wenyewe. Figili zote ziko kwenye kamba tangu Alhamisi. Nilikaa pale maegeshoni nikitazama doa la peremende mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimepotea.

Jumapili, 16 Novemba

Nimeamka mapema. Nimefuta doa kwa maji ya moto, limebaki kidogo, limebaki. Nimesimama kwenye mlango wa abiria. Kiti kitupu, hakuna mtu, hakuna wa kuniona. Ningeweza kukaa.

Nikakumbuka miaka saba ya Nazuna. Ni miaka minne tu, mimi nitakuwa na sabini na nane, na mtoto wa miaka saba halazimishwi kiti maalumu. Kwa nini nikichakaze sasa? Nimeirudisha plastiki. Nimeikaza kwa gundi ya karatasi pande zote, mikunjo hakuna. Mkono wangu mzuri. Kitamngoja kikiwa kipya.

Chinatsu amepiga simu. Jumapili ijayo wanakwenda kutazama majani yaliyogeuka rangi. Nimemwambia nina kazi nyingi shambani. Mwaka ujao huenda.

Karatasi niliyombandikia Gonda mlangoni pake: kesho saa mbili asubuhi njoo ujaze tairi upepo, kagua breki, uondoe punje zilizobaki kwenye redio. Kiti cha kushoto usikiguse. Kina mwenyewe.