Blogu ya Miwani na Tovuti Yangu Tukufu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeitwa mtaalamu. Na daktari mwenyewe! Naandika kabla sijasahau alivyolitamka.

Ni hivi. Dada yangu ni muuguzi mkuu wa chumba cha watoto katika kliniki ya mtaa wetu. Wazazi hupiga simu kutwa kuuliza siku ya chanjo, mpaka karani wa mapokezi sauti imemkauka. Sasa wanataka kutangaza tarehe mtandaoni. Dada akanitaja, akanidhamini. Daktari akasema mtaalamu ajaribiwe wiki mbili, akiweza apewe kazi. Kazi! Na meza! Nimeshaichagua, iko dirishani.

Kuna kikwazo kimoja, naye ni mfamasia. Mimi namwita Miwani, maana kila akitaka kunipinga huivua na kuifuta. Sijakaa hata kitako, keshafungua blogu kwenye jukwaa la bure. Dakika ishirini tu! Ukurasa mweupe, maandishi meusi, na juu kabisa: chanjo Ijumaa tarehe saba. Basi. Nikamwambia inafanana na cheti cha kifo. Akavua miwani. Akasema wazazi hawaji kutazama mapambo, wanakuja kutazama tarehe.

Tutaonana.

Jumanne, 4 Machi

Nimejenga tovuti kwa mikono yangu, tangu msingi hadi paa. Puto zinapaa. Muziki unalia. Picha kumi na nne zinapishana. Yupo mtoto anayecheka ukimgusa kichwa! Mwisho tarehe inaingia, herufi moja moja, ikiruka.

Kwenye kompyuta yangu, dada alipiga makofi. Kwenye simu yake, duara likaanza kuzunguka. Likazunguka. Dada akaenda kufua sare yake, akaianika, akarudi. Duara bado. Likatokea nusu puto, bando likaisha.

Akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ninaouogopa: “Mdogo wangu, mama mwenye mtoto mgongoni atasubiri yote haya?”

Nikamjibu kwamba tatizo ni simu yake.

Jumatano, 5 Machi

Kikao ofisini kwa daktari. Miwani akaeleza kwamba kwenye jukwaa la watu sisi ni wapangaji. Hatuwezi kubomoa ukuta tunavyotaka, lakini paa likivuja mwenye nyumba anaziba. Tovuti yangu ni nyumba yetu wenyewe, uhuru mtupu, ila ikianguka nani ataisimamisha? Wote wakanitazama. Sikupenda walivyonitazama.

Nikasema mpangaji hufukuzwa! Daktari akaguna. Akaamua itumike blogu ya Miwani, yangu ingoje mpaka ipungue uzito.

Nikajifungia chooni kufikiri. Mpangaji hufukuzwa... Nikafungua ile blogu. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: “Ripoti ukurasa huu.” Nikaripoti. Sababu: utapeli. Kisha nikaripoti kwa simu ya dada, kwa kompyuta ya mapokezi na kwa simu ya karani aliponiachia nimtengenezee mlio. Raia wanne wenye hasira!

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Saa nne asubuhi jokofu la chanjo limezimika. Chanjo zikakimbizwa hospitali kubwa zisiharibike. Fundi kasema haliponi kabla ya Jumapili. Kwa hiyo chanjo si kesho tena, ni Jumatatu. Dada akamwambia Miwani abadilishe tarehe upesi.

Miwani akafungua blogu. Imefungwa. “Ukurasa huu umesimamishwa tunapochunguza malalamiko.” Akavua miwani. Hakuifuta. 

Dada akanigeukia. Vipi yako? Hapo! Nafasi yangu! Nikaandika tarehe mpya mbele ya wote. Daktari akajaribu kwa simu yake. Duara. Akajaribu karani. Duara.

Nikaanza kupunguza mzigo, jasho likinitiririka. Nikatoa muziki. Nikatoa mtoto anayecheka, roho ikiniuma. Nilipotoa puto, tarehe nayo ikaondoka, kumbe nilizifunga kamba moja. Sasa ukurasa unafunguka haraka sana. Hauna kitu.

Karani kashika daftari anapiga namba moja moja. Nyingi hazipatikani. Wazazi wengi waliisoma Ijumaa, na Ijumaa ni kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Saa moja asubuhi walikuwa wamejaa getini. Nilihesabu akina mama sitini, nikaacha. Mmoja ana mapacha, katembea tangu alfajiri. Mwingine kaomba ruhusa kazini, na Jumatatu bosi hampi tena. Hakufoka. Aliuliza tu ni nani aliyeandika Ijumaa.

Dada akajibu, “Ni sisi, mama. Tusamehe.”

Sisi!

Daktari akamwita dada na Miwani ofisini. Niliwaona kupitia kioo. Dada amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi.  Nikaingia bila hodi. Nikasema blogu nimeifungisha mimi. Mara nne.

  Miwani akanitazama kama dawa iliyokwisha muda. Dada hakunitazama kabisa. Hilo ndilo lililoniua.

Daktari akapiga simu hospitali kubwa, wakakubali kuwachanja leo wote wasioweza kurudi. Mimi nikapewa ubao na chaki niandike tarehe mpya. Nilisimama getini mpaka jioni, nikiomba radhi na kuandika namba za simu za wazazi. Mwenye mapacha nilimbebea mmoja hadi kwenye gari la hospitali. Alinikojolea. Sikulalamika.

Jumatatu, 10 Machi

Blogu imerudi. Miwani aliwaandikia wenye jukwaa barua ndefu ya adabu, na jina langu hakulitaja. Simwelewi mtu huyu.

Chanjo zimetolewa. Watoto watatu tu hawakufika, na karani keshawapata wazazi wao. Nimepumua kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Majaribio yangu yamekatizwa kabla ya wiki mbili. Lakini daktari kasema mwandiko wangu unasomeka, niwe napita kila Jumatatu kuandika ubao wa getini. Bila meza.

Dada, ambaye siku tatu hizi neno lake kwangu lilikuwa “sogea”, leo kaniwekea sahani. Kasema, “Kula.” Nilikula, machozi yakinilenga.

Jumatano, 12 Machi

Nimeutafakari ule ubao. Umepooza! Hauna mwendo. Nimeupaka rangi tano, nikauwekea injini ya feni mbovu kwa chini. Sasa unazunguka. Tarehe iko upande mmoja, upande wa pili maua. Anayetaka kusoma asubiri kidogo tu, au azunguke nao.

Mlinzi wa geti anadai unampa kizunguzungu. Kachukua boksi, kaandika tarehe kwa mkaa, kalisimamisha kando. Na watu wanasoma boksi!

Huu ni wivu. Nimeuliza kampuni iliyomwajiri iko wapi. Barua ya malalamiko nimeshaianza. Jina langu sitaliweka.