Mume Wangu Hataki Kuoga kwa Sababu ya Bunduki

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Wakusanyaji wa Bunduki za Kale,
Wyoming.

Pole na kazi. Mimi ni Lorna Haugstad, mke wa mwanachama wako Orval. Naandika kwa heshima zote, ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo.

Mwezi uliopita mthamini wenu, Bwana Kranz, alikuja kwetu kukagua bunduki ya babu yake Orval, moja ya zile za wenzo, ukivuta chuma cha chini risasi inapanda. Ilijaa kutu na masizi. Nikachukua kitambaa niifute, mgeni asituone wachafu. Bwana Kranz akanidaka mkono. "Mama, weka hicho kitambaa chini. Uchafu huo ndio thamani yake. Kitu cha kale ukikisugua, umekiua." Nikakiweka. Laiti ningejua.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wiki ileile Orval alitimiza miaka sabini na moja, akajitangaza kuwa kitu cha kale. Tangu hapo hajaoga. Nikimpelekea taulo ananiuliza, "Lorna, unataka kunishusha bei?"

2. Nilimkumbusha kwamba nyonga yake ni ya chuma, aliwekewa hospitali, na bunduki yenye kipande kilichobadilishwa hushuka daraja. Akaninunia siku nzima. Jioni akaniomba nisimwambie Bwana Kranz.

3. Mbwa wetu amepuliziwa uvundo na kicheche. Orval amekataa aoshwe, eti ile harufu ni historia yake. Sasa historia inalala sebuleni.

4. Hili ndilo linaloniliza. Jumamosi wazazi wa mchumba wa binti yetu Twyla wanakuja kutoka Nebraska kututazama. Twyla ameniambia, "Mama, wakimnusa baba tu, sina ndoa." Naye Orval anasema atawapokea mlangoni, kisha atageuka polepole wamkague pande zote.

Kwa hiyo naomba Bwana Kranz aje kabla ya Jumamosi amkague Orval. Akimmulika masikioni kama anavyomulika mtutu, atakayoyaona ni shauri yake. Kisha aandike cheti kwamba thamani ya mume wangu haitashuka akioga. Na chama kitamke wazi kikaoni kwamba hakuna kitu duniani, cha kale wala kipya, kilichowahi kuharibiwa na sabuni.

Wasalimie wote nyumbani, na wanachama, na Bwana Kranz pia, ingawa salamu zake zipunguze.

Wako aliyefungua madirisha yote,
Lorna Haugstad

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Orval ameisoma barua hii, akaona haya, akaoga. Ananukia vizuri, sitaki kusema uongo. Akamwosha na mbwa. Halafu akaingia jikoni, akachukua kikaango cha chuma cha marehemu bibi yangu, ambacho hakijaguswa na sabuni tangu bibi ni mwari, akakisugua mpaka kinang'aa. Miaka yote hiyo mayai yalikuwa yanateleza yenyewe, leo yamenata kama gundi. Mtu mzima hajui kwamba kitu cha kale hakisuguliwi? Ombi langu la sabuni lifute kabisa. Ila Bwana Kranz aje, tena upesi, anidake mkono kama siku ile, maana safari hii sijashika kitambaa, nimeshika kikaango.