Mota ya Kumbembeza Ikiring

Jumatatu, 2 Machi 1964. Busia.
Ikiring ana miezi minne. Halali mpaka abembezwe, na mikono ni hii yangu miwili tu. Nimechoka! Lakini leo nimepata dawa: mota ya waipa, ile ya kufutia mvua kiooni, kutoka lori bovu la fundi Osborn. Nimempa jogoo. Inakwenda huku, inarudi kule, kama mkono wa mama. Nimeiunganisha kwa kamba na kitanda chake kinachoning'inia. Wifi Amongin amecheka mpaka akakaa chini. Eti tangu lini mtoto akalelewa na lori?

Jumanne, 3 Machi.
Mota imeandikwa volti 12. Betri ya tochi ni volti moja na nusu. Nimepanga nane kwa mstari: kumi na mbili kamili! Nikawasha. Mota ikatetemeka, ikakohoa, ikanyamaza. Ikiring akalia kwa niaba yetu sote. Osborn akasema volti nimepatia, ila mota hii inataka ampea nyingi, yaani umeme mwingi kwa mpigo, na betri za tochi hazina. Ni kumnywesha ng'ombe kwa kijiko. Ampea! Mbona hakusema nilipotoa jogoo?

Alhamisi, 5 Machi. Tororo.
Nimemfuata baba Ikiring, Okware, kwenye nyumba yake ya kazini, nimebeba mtoto, mota na kitanda. Huku umeme ni wa ukutani, volti 240, hauishi. Okware akakataa. "Mama Ikiring, hiyo ni mara ishirini!" Nikamwambia nitachomeka kidogo tu, kama kuonja chumvi. Akakataa tena, akaenda kuoga. Kitandani nikalaza viazi vitamu kwanza badala ya mtoto, mimi si mjinga. Pwaa! Moshi. Redio za majirani zote kimya. Viazi salama. Mota marehemu. Okware akatoka na sabuni masikioni, akachomoa waya.

Jumamosi, 7 Machi. Busia.
Osborn kanihurumia. Kaleta mota nyingine na betri ya lori: volti 12, ampea za kutosha. Akanionya, volti iwe ile iliyoandikwa, isipungue, isizidi. Nikaapa. Kitanda kikaenda, kikarudi, polepole. Ikiring akaniangalia, akapiga miayo, akalala! Nami nikalala pale pale sakafuni. Saa mbili nzima! Mungu asifiwe.

Jumapili, 8 Machi.
Baada ya kanisa Amongin kaja na mtoto wake mgongoni. Sauti laini: "Wifi yangu, huyu naye halali." Nimemsamehe. Tumewalaza wote wawili. Kitanda kimekuwa kizito, kinakwenda kwa kujivuta. Jambo dogo. Nimemtuma Amongin kwa Osborn akaombe betri ya pili, na akiulizwa aseme ni ya taa. Mtoto mmoja, volti kumi na mbili. Watoto wawili, ishirini na nne. Hesabu haina makosa.