Njia ya Zamani ya Mlima Tansy

Jumatatu, 14 Septemba

Mkutano wa chama cha wapanda milima. Merritt LaBounty, kinyozi mstaafu na mwenyekiti wetu wa milele, katangaza kwamba Jumamosi ndiyo siku ya mwisho ya kuupanda mnara wa moto wa Mlima Tansy. Wiki ijayo serikali ya jimbo inaubomoa. Tutapanda wote kwa njia mpya, kasema, ile ya magharibi yenye ngazi na mabenchi. Mabenchi! Kama tunakwenda kliniki.

Nikasimama. Nikawakumbusha kwamba mlinzi wa mwisho wa mnara ule, mtu aliyekaa kule juu kila kiangazi akitafuta moshi msituni, alikuwa marehemu baba mkwe wangu, Emmet. Hakuhitaji mabenchi. Alipanda kwa njia ya zamani, ya upande wetu, ambayo imeachwa ikamezwa na majani. Mimi nitaifufua!

Kicheko. Merritt kauliza kama nitaifufua kwa gari la kusukuma theluji. Kicheko kikubwa zaidi. Ndiyo, nimeendesha gari hilo mpaka kustaafu, na hakuna barabara hapa isiyonijua. Kisha, kwa huruma ya kinafiki, kasema nikiipata kabla ya Alhamisi jioni chama kizima kitanifuata. Tukapeana mikono. Wake bado unanukia poda.

Idella, mke wangu, hakucheka. Njiani kanishika mkono, jambo la nadra. Kasema akiwa mtoto alipita njia ile na baba yake, lakini akijaribu kuikumbuka sasa anaona majani tu, na mgongo wa baba.

Jumanne, 15 Septemba

Ushindi asubuhi! Njia nimeiona mara moja, pana, laini, imeshuka vizuri kati ya misonobari. Nikashangaa Merritt na wenzake wana macho ya nini. Nikaifuata nikipiga mluzi.

Imeishia kwenye bwawa. Si njia ya Emmet. Ni njia ya biva, wale panya wakubwa wa majini wanaokata miti kwa meno na kuburuta magogo kuziba vijito. Mmoja kanitazama, kapiga maji kwa mkia wake, paa! Nikaruka. Nilikoangukia ndiko kulikokuwa na maji.

Nimerudi nikichuruzika. Nimemwambia Idella kwamba kazi inakwenda vizuri. Kaniuliza mbona nina majani ya bwawani shingoni. Nikasema kazi inakwenda vizuri sana.

Jumatano, 16 Septemba

Akili imefanya kazi. Mnarani kulikuwa na simu! Waya wake ulishuka mlimani ukifuata njia, umepigiliwa mitini kwa vikombe vidogo vya kaure. Ukiupata waya, umeipata njia. Kwa nini hakuna aliyewaza hivi? Kwa sababu wengine ni vinyozi.

Kufika saa nne nimeona kikombe cha kwanza. Nikapiga kelele peke yangu. Kisha waya wenyewe, umezama ndani ya ganda la mti. Nikaufuata kwa mkono kama kipofu, miibani, matopeni, juu ya magogo. Ulikuwa ukishuka badala ya kupanda, lakini njia za zamani zina tabia zake. Kila nilipouvuta ulizidi kuja. Mwisho nikauvuta kwa nguvu zote.

Banda la kuku likaanguka.

Kumbe babu yake Merritt aliung'oa waya zamani hizo akazungushia banda lake. Kuku wakatawanyika. Merritt katoka na kikombe cha kahawa mkononi, katazama banda, kanitazama mimi, katazama waya nilioushika. "Karibu mnarani, Thurlow," kasema.

Tumekamata kuku mpaka jioni. Mkewe kanipa kipande cha pai ya tufaha nile njiani. Kilikuwa kizuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alhamisi, 17 Septemba

Mkutano mwingine. Merritt kaniita mbele nitoe taarifa. Kuku hakuwataja, mtu mbaya sana yule, anajifanya muungwana mbele za watu. Wote wananitazama. Idella kavaa sweta lake la buluu, la sikukuu.

Nikasema nimeipata.

Sijui mdomo huu ulifunguliwa na nani. Nikaongeza kwamba ni nzuri, imenyooka, hata bibi mwenye fimbo ataiweza. Wakapiga makofi. Merritt kaja kunipa mkono, kasema, "Kumbe nilikudharau bure, mzee." Kwa mara ya kwanza nikaona hatanii. Nusura nimwonee huruma.

Ijumaa, 18 Septemba

Mvua kutwa. Nimekaa na ramani mezani. Ramani haionyeshi kitu.

Idella alikuwa jikoni akioka mikate ya kesho. Kaja kukaa mbele yangu, mikono ina unga. Kaniambia jambo ambalo sikulijua: kila mwanzo wa kiangazi Emmet alimsimamisha kwenye mwimo wa mlango wa chumba cha juu mnarani, akamkwangulia alama ya urefu wake kwa kisu. Anataka kuziona kabla hazijawa vyuma chakavu na kuni. Ndilo tu.

Kisha kauliza, taratibu, "Thurlow, njia umeiona kweli?"

Nikasema nimeiona.

"Maana kama hujaiona, sema tu. Tutapanda ile ya Merritt. Mimi nataka kufika, basi. Nifike na wewe."

Nikasema nimeiona kama ninavyomwona yeye. Kanitazama kidogo, karudi kwenye unga wake. Wanawake hawana imani.

Jumamosi, 19 Septemba

Hali ya hewa safi. Chama kizima kimekusanyika kwenye maegesho ya upande wetu, buti zimefungwa, wote wananingoja. Mkakati wangu: kuwaambia wasubiri kidogo nikakague mbele kama mvua haijaharibu kitu. Nikiwa huko, naipata njia, narudi, tunapanda. Rahisi.

Nilitembea sana. Nikapanda. Kila mlima una kilele kimoja, nikajiambia, ukipanda tu huwezi kukikosa. Na kweli sikukikosa! Nikatokea juu ya mwamba mpana, jua usoni, nikainua mikono.

Mnara haukuwapo.

Ulikuwa ng'ambo ya bonde, juu ya mlima mwingine. Mlima Tansy. Nikatoa darubini. Watu wamejaa kwenye ngazi za mnara kama mchwa. Walichoka kuningoja, wakazunguka kwa magari, wakapanda kwa mabenchi. Na chumbani juu nikaona sweta la buluu. Idella kasimama mlangoni, mgongo ukutani, kidevu kimenyooka kama mtoto, na Merritt anamkwangulia alama kwa kisu. Kisha Idella akaanza kuangalia huku na huku, pande zote. Nikapunga mkono. Nikapunga na koti. Akatazama upande wangu kabisa, akaendelea kutazama.

Nikashuka nimekasirika. Hasira ilikuwa nyingi hata sikuangalia miguu inakanyaga wapi, ila namshukuru Mungu ardhi ilikuwa nzuri, mawe yamepangwa kama vidato, na kijito kina daraja la magogo makuukuu. Katikati nikapumzika kwenye kibanda kilichoporomoka. Nilikalia jiko bovu la chuma, mlango wake umechorwa paa anayeruka. Nikala mkate wangu. Nikafika barabarani, dereva wa gari la mikate akanirudisha mjini.

Idella hakugomba. Kasema tu, "Nilikutafuta." Nikamweleza kwamba hilo linathibitisha njia ya magharibi ni rahisi mno, haimpi mtu muda wa kungojwa.

Jumapili, 20 Septemba

Wakati wa chai nimemsimulia yote, pamoja na lile jiko, ili aone nilivyoteseka. Kikombe kikabaki hewani. Kauliza paa yule anaruka kulia au kushoto. Nikasema kushoto, anakosa pembe moja.

Kasema hilo ni jiko la kibanda cha baba yake. Walilala pale kila kiangazi, kabla ya kupita mwamba ule na kuvuka bonde kwenda mnarani. Pembe aliivunja yeye, kwa kuni. Macho yamejaa machozi na anacheka. "Uliipata, Thurlow! Uliishuka hadi barabarani!" Kauliza nilishukia wapi, nilitokea wapi barabarani, kulikuwa na mti gani.

Nikasema sikumbuki, nilikuwa nikimfikiria Merritt.

Kanibembeleza twende tukaitafute leo leo, sisi wawili. Nimemwambia ukweli: njia ya kushuka haihesabiki, na jiko bovu ni jiko bovu. Isitoshe nina jambo kubwa. Ule mlima wa jana, wenye mwamba, nimeutafuta kwenye ramani. Hauna jina! Hauna njia! Hauna mwenyewe! Nitauita Mlima Beebe, kwa jina la ukoo wangu. Natengeneza kibao, kisha nafungua njia yangu tangu mwanzo, chama kizima kitanifuata, na kinyozi nyuma kabisa.

Idella kampigia Merritt simu. Wametoka pamoja na mkewe, wamebeba pai na panga, wamekwenda kutafuta jiko. Vizuri. Wakipotezea muda huko, hawatagundua mpango wangu.

Nimeshapaka rangi herufi tatu.