Chatu kwenye Somo la Mahitaji na Ugavi

Jumatatu, 9 Februari 2026

Warsha imeanza. Wahadhiri wote wa chuo tumefungiwa ukumbini tufundishwe kufundisha. Miaka saba nafundisha Uchumi hapa Bariadi na hakuna mwanafunzi aliyewahi kulalamika! Wengi huwa wamelala, lakini kulala si kulalamika.

Mwezeshaji ni Dokta Nyanjige, mzaliwa wa Maswa, mama mfupi mwenye sauti ya mnadani. Kasema enzi za mhadhiri kusoma slaidi zimekwisha. Kisha akatusomea slaidi hadi saa ya chai. Kila alipotazama upande wangu nilitikisa kichwa kukubali. Shingo inauma.

Habari kubwa ilikuja baada ya sambusa. Chuo kinaanzisha Kitengo cha Ubora wa Ufundishaji, na kitengo kinataka mratibu. Mratibu atapewa ofisi yake mwenyewe. Peke yake! Yamependekezwa majina mawili: langu na la Lukresia.

Lukresia ndiye tunayechangia naye ofisi. Wanafunzi wake hujazana mlangoni wakimtafuta. Wananikanyaga miguu, wanasema samahani mwalimu Amoni, wanapita kwake. Kwangu haji mtu. Wiki iliyopita alikuja mmoja, nikamvutia kiti, nikamfutia vumbi. Kumbe alitaka pa kuchajia simu. Iliniuma, sitaficha. Ofisi hiyo lazima niipate.

Jumanne, 10 Februari

Balaa. Dokta Nyanjige katangaza namna ya kumpata mratibu. Hakuna usaili. Itakuwa kama mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu: pande mbili zinacheza uwanja mmoja, saa ile ile, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Basi keshokutwa asubuhi mimi na Lukresia tutafundisha uwanja wa mpira, kila mtu na goli lake, mada moja, mahitaji na ugavi. Wanafunzi wako huru kuhama watakavyo. Kengele ikilia, vinahesabiwa vichwa.

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nilipiga kuliko wote ili nisionekane nimeogopa. Huu ni uhuni wa kitaaluma! Mwanafunzi wangu akiambiwa yuko huru kuhama, atahama hadi Lamadi.

Hata hivyo, mjanja hakosi njia. Jioni nilikwenda kuukagua uwanja. Goli la magharibi limefunikwa na kivuli kizuri cha maktaba. Goli la mashariki, jua tupu. Nikamwahi Dokta, nikaomba magharibi kwa sababu za kiafya. Akakubali. Lukresia akasema yeye hana neno. Maskini! Atakauka kama michembe, vile viazi vya kuanikwa juani.

Jumatano, 11 Februari

Leo tumefundishwa zana. Dokta kasema mwalimu bora hutumia zana zinazopatikana katika mazingira yake. Wenzangu wakaandika kwenye bango kitita: vizibo, maboksi, chupa za maji. Nilicheka kimoyomoyo. Kwenye ngoma zetu watu huvutwa na vizibo? Huvutwa na chatu!

Baada ya chakula nikaaga kwamba naenda hospitali. Nikachukua bodaboda hadi Ngulyati kwa Ndalahwa, mzee anayecheza ngoma ya nyoka. Nikamsalimu kwa kilugha, mwadila, akaitika, akanipa kigoda. Nikamweleza kuwa chuo kinamhitaji chatu wake kwa shughuli za kitaaluma. Akauliza, huyo chatu atafundisha nini? Nikamjibu kwamba chatu ni mahitaji na kuku ni ugavi. Akasema mwalimu, mimi shule niliacha mapema, pengine ndiyo sababu sielewi. Ila atakuja, mradi chatu akae mabegani mwake mwenyewe, maana hapendi wageni. Nikasema hilo halina shida hata kidogo.

Nimerudi na kuku. Nimemkuta Lukresia ofisini anajiandaa. Kujiandaa kwenyewe ni bakuli la choroko! Nilimhurumia hata nikataka kumshauri ajitoe mapema, alinde heshima.

Alhamisi, 12 Februari

Asubuhi jua lilichomoza mashariki. Jambo hilo sikuwa nimelifikiria. Kivuli cha maktaba kilikuwa nyuma ya maktaba, na Lukresia alisimama kwenye kivuli baridi cha miti ya mijohoro nyuma ya goli lake. Mimi golini kwangu naungua, koti na tai. Hata kuku alikuwa amefungua mdomo.

Lakini! Akatokea Ndalahwa, chatu mabegani, mnene kama paja la mtu. Uwanja mzima ukanihamia! Wanafunzi, wahadhiri, hata mpishi wa kantini na mwiko wake. Lukresia akabaki na wasichana wawili wanaoogopa nyoka. Machozi yalinilengalenga. Kwa mara ya kwanza watu wananikimbilia mimi.

Nikatoa slaidi zangu nilizozichapa. Nikaanza kusoma: "Mahitaji ni utashi wa mlaji unaoambatana na uwezo wa kununua." Nikasoma fasili ya pili. Nikasoma ya tatu. Chatu akasinzia. Watu hawakujali, walikuwa wanampiga picha.

Kule ng'ambo Lukresia hakuwa na slaidi. Alimpa msichana mmoja bakuli la choroko awe mkulima, mwingine akawa mnunuzi, akawaacha wapatane. Kisha akauliza kwa sauti: kwa nini bei ya choroko huanguka mara tu mkulima anapovuna?

Ndalahwa analima choroko. Nilimwona anageuza shingo. Nikapandisha sauti, nikasoma fasili ya nne. Akaniinamia sikioni. "Mwalimu, unisamehe. Lile swali linanihusu."

Akaondoka. Chatu akaondoka naye. Na watu wote wakamfuata chatu! Nikawaita, jamani rudini, ugavi bado! Mpishi pekee aligeuka, akanipungia mwiko.

Nilibaki na kuku, kwa kuwa nilimfunga mguu.

Kule Ndalahwa alibishana na yule mnunuzi, wanafunzi wakaingilia, chatu akasahaulika kabisa. Kengele ililia na hakuna aliyesikia. Dokta Nyanjige alipokuja kuhesabu upande wangu, aliuliza kwa upole kama kuku kajiandikisha.

Ijumaa, 13 Februari

Lukresia ndiye mratibu. Tumegawiwa vyeti, changu kimeandikwa nimeshiriki kikamilifu. Kahamia ofisi mpya leo hii na wanafunzi wakambebea vitabu. Kwa hiyo hapa nimebaki peke yangu, nafasi tele. Hakuna anayenikanyaga miguu. Kimya hiki sikukitarajia, na sikipendi.

Kabla ya kuondoka Lukresia alinialika niende siku moja kuketi darasani kwake. Kasema yeye huanza na swali linalowakera wanafunzi wenyewe, slaidi baadaye. Dokta naye kanieleza hayo hayo, taratibu, kama anayemfafanulia mgonjwa dozi. Nimewashukuru wote wawili.

Swali! Wanachekesha. Kosa langu liko wazi na nimelichambua kisayansi: mnyama alikuwa sahihi, mahali alipokaa ndipo palipokosewa. Juni kuna warsha nyingine, ya utungaji wa mitihani. Nimeshapiga simu Shishiyu kwa jamaa anayecheza na nungunungu. Huyo habebeki begani.