Yah: Ghati Kunyimwa Darasa la Kwanza kwa Kukataa Kuhesabu Ng'ombe wa Kwenye Picha

Mniko Nyamhanga,
Nyuma ya josho,
Butiama.

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya awali anayosoma Ghati,
Iringo, Musoma.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama nimekuzidi, marahaba.

Bila shaka jina langu umelisikia. Mimi ndiye Mniko yule. Kuanzia Buhemba mpaka Kisorya hakuna asiyenijua. Siku moja kivuko cha kwenda Ukerewe kilinipigia honi mara tatu nipande, na mimi sikuwa hata na safari, nilikuwa nimesimama tu pale nakula muhogo. Elimu yangu ni darasa la tano na nusu, na ile nusu niliisoma kwa bidii sana.

Nimesomewa ripoti ya mpwa wangu Ghati, mtoto wa dada yangu Bhoke anayeuza mitumba hapo Iringo. Huyo mtoto nimemlea mimi miaka mitano, mama yake akihangaika na biashara. Mjini amekuja mwaka jana tu. Mmeandika kwamba hajui kuhesabu, kwamba ukuaji wake uko nyuma, na kwamba Januari hataingia darasa la kwanza bali atarudia awali na watoto wadogo. Bhoke amelia kwenye simu mpaka dakika zikaisha. Mimi silii. Mimi nalalamika kwa namba, kama msomi.

1. Mwalimu Anastazia alimwekea picha ya ng'ombe kumi akamwambia ahesabu. Mtoto akanyamaza. Akaambiwa tena, akaficha mikono mgongoni. Mwalimu, huo siyo ujinga, hiyo ni adabu! Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa kidole wala kwa sauti, ni kumwitia mkosi. Mwenye boma, kama mimi, anasimama tu mlangoni jioni, mifugo inaingia mpaka vumbi linafunika jua, naye anajua nani hajarudi. Nimemfundisha mwenyewe. Mngempa maembe angeyahesabu mpaka mmwombe apumzike.

2. Mmeandika hajui rangi. Alionyeshwa kadi ya kahawia, akasema hiyo ni rangi ya dume la Mzee Stanislausi. Jamani, si ndiyo yenyewe! Njooni mlione hilo dume. Ninyi mna rangi saba kwenye boksi, yeye ana kijiji kizima kichwani.

3. Mmeandika kwamba alikokulia hakukuwa na vifaa vya kuchezea. Nani kasema? Alikuwaga na ng'ombe wa udongo, pembe za miiba, kawafinyanga mwenyewe. Mvua ikinyesha wanayeyuka, kesho yake anaanza upya bila kulia. Mtoto wa mjini mdoli wake ukikatika mkono, nyumba nzima haili.

4. Eti haangalii mtu usoni, hajiamini. Kwetu mtoto akimkodolea macho mkubwa tunamshikaga paji la uso tuone kama ana homa. Hata mimi nikiongea na Bhoke naangaliaga chini, hasa nikiwa na kosa. Kwa hiyo naangaliaga chini sana.

Sasa huku ameambiwa akihesabu ni mkosi, huko ameambiwa asipohesabu ana upungufu. Ana miaka sita. Mlitaka afanyeje?

5. Kwa hiyo naomba kwa heshima zote: Ghati aingie darasa la kwanza, au la pili kabisa kufidia usumbufu. Picha za ng'ombe zitolewe, ziwekwe za dagaa. Walimu wote waje kwangu wiki mbili niwape semina ya malezi, ugali wa mtama upo. Na mwisho wa semina Mwalimu Anastazia asimame mlangoni pa boma langu jioni, aseme bila kuhesabu ni nani hajarudi. Akikosea, arudie awali yeye, akae kwenye kile kiti kidogo.

Nisalimie walimu wote, mpishi wa uji, mlinzi, na watoto wote wanaoangalia chini.

Ni mimi, mlezi mwenye uzoefu,
Mniko Nyamhanga
Mjomba Mkuu

Nyongeza: Barua hii nimempa Bhoke, aliyekuja huku kuichukua, aifikishe. Ameisoma, amesema haipeleki mpaka niseme ukweli, na hapa ninapoandika naangalia chini.

Ghati anajua kuhesabu. Zamani kila jioni alikuwaga anasimama mlangoni pa boma, ananyoosha kidole na kupaza sauti: "Mmoja!" Halafu anasubiri. Siku moja nilikuwa na wageni niliokwisha kuwaambia nina ng'ombe arobaini. Mtoto akahesabu, akasubiri, kisha akaniuliza mbele yao, "Mjomba, wengine wanakuja saa ngapi?" Mila ni ya kweli, wazee wanaishika, ila mimi niliikumbuka siku hiyo.

Ule mtihani wa Mwalimu Anastazia wa mlangoni pa boma naufuta. Ataufaulu.

Ila msimrudishe mtoto. Mwekeeni tena ile picha, mwambieni mjomba ameruhusu, ahesabu kwa sauti. Akitaka, aanze na yule wa kwangu.